Si Kila Tumbo Liumalo Lina Vidonda

Mwendee mwuza nyama yeyote asubuhi, naye atakutajia viungo vya ng'ombe kimoja baada ya kingine: maini, figo, moyo, bandama, matumbo, hata mapafu kwa mwenye kufuga paka. Hatakutajia kongosho. Si kwamba ng'ombe hana kongosho. Analo, ila limejificha nyuma ya tumbo katikati ya mafuta, na aghalabu hutupwa au huchanganywa na matumbo bila ya kuitwa kwa jina. Hata lugha yetu, ambayo ina maneno ya kukata maini na mambo yanayotumbukia nyongo, haikulipa kongosho nafasi yoyote katika semi zake. Limekaa kimya ndani ya kamusi, likimsubiri mwalimu wa Biolojia alitaje mara mbili: kwanza katika mmeng'enyo wa chakula, kisha katika udhibiti wa sukari mwilini. Mtihani ukiisha, nalo husahauliwa.

Usahaulifu huu una gharama yake, na gharama hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Miaka kadhaa iliyopita, mwalimu mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akifunza Biolojia hiyo hiyo, alishikwa na maumivu makali usiku, saa chache baada ya kutoka karamu ya harusi ya jamaa yake. Maumivu yalianzia juu ya kitovu, chini kidogo ya kifua, yakapenya hadi mgongoni. Alitapika hadi pakawa hapana cha kutapika, na bado hakupata nafuu. Akilala chali yalizidi. Akiketi na kuinama mbele huku ameukumbatia mto yalipungua kidogo. Hakusita kuupa ugonjwa wake jina: vidonda vya tumbo. Jirani akakubaliana naye, na mwenye duka la dawa akakubaliana na wote wawili. Akapewa vidonge vya kutafuna na vingine vya kupunguza asidi, akarudi nyumbani.

Siku ya tatu macho yalikuwa yamegeuka manjano, anahema kama aliyekimbizwa, na hakumbuki vyema ni nani aliyemtia garini. Hospitalini damu ilipimwa, na ikajulikana kuwa kongosho lake lilikuwa limefura na sehemu yake moja imeanza kufa. Alilazwa kwa wiki saba. Aliporejea darasani muhula uliofuata alikuwa amekonda, na katika mkoba wake, pamoja na chaki, mlikuwa na sindano za insulini. Aliniambia neno ambalo halijanitoka hadi leo: "Nimekichora kiungo hiki ubaoni miaka kumi na tisa, na kilipougua sikukijua."

Na huo haukuwa mwisho wa mateso yake. Kwa kuwa wengi wetu tukishasikia habari za kongosho lililofura hudhani ni ugonjwa wa walevi tu, minong'ono ilianza katika chumba cha walimu. Mwanamke ambaye hajawahi kutia kileo kinywani akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni. Kilichomwangusha kilikuwa jiwe dogo la nyongo, pengine lisilozidi punje ya mtama.

Basi mama yule alikosewa mara mbili, na mara zote mbili kwa jina. Kwanza ugonjwa wake uliitwa vidonda, akacheleweshwa. Kisha ukaitwa ulevi, akaaibishwa. Ninaamini kwamba makosa haya mawili yanawafika wengi nchini, na kwamba mahali pa kuanza kuyatoa ni darasani.

Tuanze na hilo la vidonda. Siwabezi wagonjwa wa vidonda vya tumbo, kwani vidonda vipo na vinatesa. Mnamo 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimtambua kijidudu anayesababisha vingi vya vidonda hivyo, na mwaka wa 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu hapo vidonda vya aina hiyo hupimwa na kutibiwa kwa dawa za kuua viini, na mgonjwa akapona. Tatizo letu ni kwamba tumeligeuza jina la vidonda kuwa kikapu cha kutilia kila maumivu ya tumbo. Mtu hujiita mgonjwa wa vidonda kwa miaka kumi bila ya kupimwa hata siku moja. Mtu kama huyo ana jina tu, ugonjwa wake haujulikani, na siku atakapopatwa na jambo jingine kabisa hakuna atakayeshtuka, maana kila mtu keshajua kuwa yule ana vidonda vyake.

Sasa, kongosho ni kitu gani? Kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 15 hivi, na uzani wake haufiki gramu 100 mbali. Limelala nyuma ya tumbo, limeukingama uti wa mgongo, kichwa chake kimekumbatiwa na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba na mkia wake umeelekea kwenye bandama. Kwa sababu ya kukaa kwake karibu na mgongo, likiuma huuma mbele na nyuma kwa pamoja. Kazi zake ni mbili. Hutia katika damu insulini na glukagoni, ambazo husawazisha sukari. Pia, kila siku, hutiririsha utumboni zaidi ya lita moja ya majimaji yenye vimeng'enya vya kuvunja wanga, mafuta na protini.

Hapa mwanafunzi mwerevu huinua mkono. Kama vimeng'enya hivi vinaweza kuyeyusha nyama tuliyokula, mbona haviliyeyushi kongosho lenyewe, ambalo nalo ni nyama? Swali hili ni zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vyetu, na jibu lake ndilo ufunguo wa ugonjwa mzima. Kongosho huviunda vimeng'enya hivyo vikiwa vimelala, mfano wa panga lililo ndani ya ala. Kimeng'enya kiitwacho tripsini, kwa mfano, hutoka kikiwa katika umbo la tripsinojeni lisilo na makali. Huamshwa tu kikishafika utumboni, na kimeng'enya kingine kilichomo katika ukuta wa utumbo. Kisha chenyewe huwaamsha wenzake. Ugonjwa tunaouzungumzia hutokea panga likichomoka alani kabla ya wakati, ndani ya kongosho. Kiungo huanza kujila. Hans Chiari, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti mjini Prague, alilisema jambo hili mwaka wa 1896, na ingawa mengi yameongezwa tangu hapo, wazo lake halijatupwa.

Likishaanza kujila, kongosho hufura na kuwaka. Maji ya damu huvuja kwenda kusikostahili, mishipa hukaukiwa, na moto ule waweza kusambaa hadi mapafu na figo, viungo ambavyo havikuwa na kosa lolote. Shukrani ni kwamba wagonjwa karibu wanne kati ya kila watano hupata ugonjwa huu kwa namna isiyo kali sana na hupona kwa muda wa wiki moja hivi wakitunzwa ipasavyo. Ni yule wa tano anayetutia hofu. Mapafu au figo zake zikilemaa kwa zaidi ya siku mbili, hatari ya kufa huwa kubwa mno. Wala hakuna mtu, awe daktari au mganga, anayeweza kuangalia maumivu ya saa ya kwanza na kusema kwa yakini nani ni wa nne na nani ni wa tano. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, "tungoje kukuche tuone."

Nakuja kwa visababishi. Viwili vinawazidi vingine vyote: mawe ya nyongo na pombe. Katika nchi nyingi ambako jambo hili limechunguzwa, viwili hivi pamoja huchukua sehemu kubwa zaidi ya wagonjwa wote.

Habari ya mawe ilielezwa vyema na Eugene Opie wa Baltimore, Marekani, mwaka wa 1901. Mfereji wa nyongo na mfereji wa kongosho, ingawa hutoka mahali tofauti, hukutana na kutokea utumboni kwa mlango mmoja. Opie alimpasua maiti mmoja akakuta jiwe dogo limekwama mlangoni pale. Jiwe likiziba, kinachofaa kutoka kongoshoni hakitoki. Tena la kushangaza ni kwamba mawe madogo ndiyo ya hatari zaidi, maana jiwe kubwa hubaki katika mfuko wa nyongo lisiweze kuuingia mfereji. Mawe haya huwapata wanawake kuliko wanaume, na hasa waliozaa mara nyingi na walionenepa kupita kiasi. Huwapata pia wanaojikondesha kwa haraka mno, jambo ambalo vijana wetu wa kike hawaambiwi wanapoanza kujinyima chakula ili waonekane wembamba. Nao watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao hapa kwetu wapo wengi zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, huota mawe ya nyongo wakiwa bado wadogo, kwa kuwa chembe zao nyekundu za damu huvunjika upesi na masalia yake huishia katika nyongo. Mwalimu wa shule ya sehemu hizo aliye na mwanafunzi wa namna hii, tena analalamika tumbo lililopenya mgongoni, asimwambie kuwa anatafuta kisingizio cha kukwepa masomo.

Visababishi vingine ni haba, lakini vyafaa kujulikana. Mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi yakizidi mno huweza kuliwasha kongosho, na hili huwapata zaidi wenye kisukari kisichodhibitiwa. Matubwitubwi nayo yamo. Minyoo mikubwa ya matumbo huweza kutambaa ikauingia mfereji wa nyongo. Mtoto akianguka kutoka kwenye baiskeli usukani ukamchoma tumboni, kongosho hubanwa kati ya chuma na uti wa mgongo, na maumivu yaweza kujitokeza baadaye wakati kila mtu amekwisha kusahau kuanguka kwenyewe. Zipo dawa chache za hospitali zinazoweza kuliudhi, ila hilo si ruhusa ya mtu kuacha dawa zake bila ya kumwuliza daktari. Na huko kisiwani Trinidad yuko nge ambaye akikuuma sumu yake huenda ikaliwasha kongosho lako. Hili nalitaja kwa ajili ya wanafunzi tu, kwani najua watalikumbuka nge yule hata wakisahau yote mengine.

Pombe sharti niizungumzie kwa uadilifu, maana nimekwisha kulalamika kuhusu wanaowasingizia wagonjwa. Ni kweli kwamba wanywaji wengi, hata wale wa kupindukia, hawapatwi na ugonjwa huu. Ni kweli vilevile kwamba wanaopatwa aghalabu wamekunywa kwa wingi kwa miaka mingi, na kwamba sigara huzidisha hatari. Wala hakuna aliye salama kwa kuchagua chapa. Nimewasikia wenzetu wenye mishahara wakijifariji kuwa wao hawanywi chang'aa. Kongosho halina habari na bei ya chupa. Kileo kilichomo katika mnazi, busaa, muratina, bia na wiski ya ng'ambo ni kimoja, na kinachohesabika ni kiasi na miaka. Katika shule zetu tukiwaonya vijana kuhusu pombe husema habari za ini na za watu waliopofuka kwa pombe iliyotiwa sumu. Ni maonyo ya haki. Ila kijana hujiambia kuwa yeye hatakunywa iliyo na sumu, na ini lake lina nguvu. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba katika mwili wake mna kiungo kinachoweza kujila.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010, ile ambayo wananchi waliibandika jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, ilitaka baa zisiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni, na siku za kazi zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Naiunga mkono sheria hiyo. Hata hivyo, saa za baa hazimfundishi mtu kuujua mwili wake, na hiyo kazi hawezi kupewa polisi. Huko Tampere nchini Ufini, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kongosho la pombe walioitwa na muuguzi kila baada ya miezi sita wakazungumziwa kuhusu unywaji wao walirudiwa na ugonjwa mara chache kuliko wale waliozungumziwa mara moja tu wakaachwa. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine. Yalikuwa mazungumzo, tena ya mara kwa mara. Sisi walimu tusipolielewa hilo, nani atalielewa?

Hospitalini, ugonjwa hutambuliwa kwa mambo matatu, na mawili kati yake hutosha: maumivu ya namna niliyoyaeleza, kipimo cha damu cha lipasi au amilasi kilichopanda mara tatu au zaidi ya kiwango cha kawaida, na picha. Kipimo cha damu si cha miujiza. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kukifikiria. Tangu 2013, afya imekuwa mikononi mwa kaunti, na kila mwaka tunasomewa bajeti zenye majengo mapya. Ningefurahi zaidi kusikia kaunti ikijisifu kwamba maabara yake hupima lipasi usiku wa Jumapili.

Matibabu nayo yamebadilika, na baadhi ya tunayoyasikia vijijini ni ya zamani. Zamani mgonjwa alinyimwa chakula kwa siku nyingi ili kongosho lipumzike. Siku hizi, akiweza kula bila ya kutapika, hulishwa mapema. Hupewa dawa za maumivu bila ya uchoyo. Hutiwa maji mishipani, lakini kwa kipimo, kwa kuwa utafiti mkubwa uliotolewa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kumjaza maji kwa pupa hakumponyi upesi, bali humzidishia madhara. Dawa za kuua viini hazihitajiki ila pakiwa na maambukizi. Na aliyeangushwa na mawe ya nyongo, kama ugonjwa wake haukuwa mkali, hufaa atolewe mfuko wa nyongo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, la sivyo jiwe la pili laweza kufuata njia ya kwanza.

Kuhusu kulitunza kongosho, nasikitika kuwa sina siri ya kuuza. Wapo wauzao, na sauti zao zimejaa masokoni na katika vyombo vya habari: chupa ya kusafisha kongosho, unga wa kulizindua. Kongosho halisafishwi. Lililo bora kwalo ni lile lile ambalo mama zetu wangetuambia bila ya kupima damu: pombe ikiepukika iepukwe, sigara iachwe, unene uzuiwe usije, na ukishakuja upunguzwe polepole, mwenye kisukari ashike matibabu yake, mwenye mawe yanayomuuma asiahirishe upasuaji kwa miaka. Hayo hayamkingi mtu kabisa. Mama niliyemtaja alikuwa ameyashika karibu yote.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu wenzangu halihusu chakula. Tunapolifunza kongosho, tusiishie kwenye mchoro na mishale. Tuongeze dakika kumi za kusema linavyougua: huumia wapi, maumivu yake huelekea wapi, na kwa nini mwenye maumivu kama hayo, akitapika na asipate nafuu, apelekwe hospitali usiku huo huo. Watunga mitihani nao, ambao ndio wenye kuamua tunachokumbuka, waulize swali la ala na panga badala ya kumtaka mtahiniwa aorodheshe vimeng'enya vitatu. Na katika shule za bweni, mtunza wagonjwa asiwe na kopo la vidonge vya kutafuna kama jibu la kila tumbo.

Mwenzangu yule bado anafunza. Akifika kwenye mada hiyo, huweka kando kitabu, akawaambia wanafunzi waweke kiganja chini ya kifua, kingine mgongoni mkabala wake, kisha wainame mbele. Huwaacha wakae hivyo kwa muda. Wapo wanaocheka. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili hakucheka. Alisema kwamba hivyo ndivyo baba yake alivyoketi tangu jana yake, na kwamba nyumbani wanampa dawa ya vidonda. Kipindi hakikumalizika siku hiyo. Mwalimu alitoka darasani akaenda kutafuta simu.